Maisha ya Seyyid Barghash bin Said na Amana Iliyo Baina ya Serikali na Raia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote.

DIBAJI

Amma baad. Ndugu zangu, watu wengi wa pwani hulitaja jina la Seyyid Barghash kwa sababu ya jumba la Beit al-Ajaib, na kwa sababu ya fahari ya Unguja ya zamani. Walakini ni wachache wanaouliza alikuwa na deni gani kwa raia zake, na raia walikuwa na deni gani kwake, na katika madeni hayo lipi lililolipwa na lipi lililobaki. Swali hili latupasa khasa sisi tukaao Nyamisati na vijiji vya midomo ya mto Rufiji, kwani nchi yetu hii ilikuwa chini ya mkono wake, kisha ikatoka chini ya mkono huo na sisi hatukuulizwa.

Utawala ni amana. Mtawala hupewa utii wa watu, na ushuru wa mali zao, na nguvu za vijana wao. Naye hudaiwa kuwalinda, na kuwahukumu kwa uadilifu, na kuitazama hali yao. Amana hii ni mfano wa kamba ifungayo jahazi. Ncha moja iko chomboni na ncha moja iko pwani, na ikifunguliwa upande mmoja, fundo la upande wa pili halifai kitu hata likiwa limekazwa namna gani. Maisha ya Seyyid Barghash yatufunza haya kuliko maisha ya wengi, kwa kuwa yeye alishika ncha zote mbili: alikuwa raia aliyevunja ahadi kwa mtawala wake, kisha akawa mtawala aliyetaka raia wamtimizie ahadi.

NASABA YAKE NA UJANA WAKE

Seyyid Barghash alizaliwa karibu na mwaka wa 1837. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan Al-Busaidi, mtawala wa Oman na Unguja, ambaye ndiye aliyeifanya Unguja makao yake na akaijaza mikarafuu. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Alikulia katika majumba ya baba yake pamoja na ndugu wengi wa mama mbalimbali, na tangu ujanani mwake alijulikana kuwa mtu wa moyo mkali na mwenye kupenda kuamrisha.

Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea Unguja kutoka Oman. Barghash alikuwa pamoja naye chomboni. Maiti ililetwa Unguja ikazikwa usiku, na yule kijana akafanya shauri la kuushika utawala kabla ya mambo kutengemaa. Shauri lile halikufaulu. Ndugu yake Seyyid Majid akashika utawala wa Unguja, na kaka yao Thuwaini akabaki na Oman.

FITNA YA MWAKA WA 1859

Barghash hakuridhika. Akaungana na wakubwa wa kabila la Al-Harthi, ambao walikuwa na kinyongo chao cha siku nyingi juu ya nyumba ya Al-Busaidi, na mwaka wa 1859 wakainuka juu ya Seyyid Majid. Wakajikusanya katika shamba liitwalo Marseille, lililo nje ya mji, wakajifungia humo kwa silaha. Seyyid Majid hakuweza kuwatoa peke yake, akataka msaada kwa balozi wa Kiingereza, na askari wa manowari ya Kiingereza wakatoka wakamsaidia. Watu wakafa, shamba likaharibika, na Barghash akarudi mjini kwa siri na mwisho akajisalimisha. Akatakiwa aape kwamba ataondoka, naye akaapa, akapelekwa Bombay.

Ndugu msomaji, tazama yaliyotoka katika fitna hii. Barghash hakuja na madai ya raia waliodhulumiwa. Alikuja na madai ya nafsi yake. Watu waliomfuata walipoteza roho zao na mashamba yao, na yeye akapanda chombo salama. Tena, kwa kuwa ndugu wawili waligombana, mgeni akaitwa kuwaamua. Tangu siku ile manowari ya Kiingereza ilijulikana kuwa ndiyo inayokata shauri katika nyumba ya utawala wa Unguja, na miaka 26 baadaye Barghash mwenyewe alikuja kuonja uchungu wa jambo hili alilolifungulia mlango. Mwenye kuvunja baia bila ya haki humdhuru mtawala wake, na zaidi ya hapo huidhuru nchi ambayo huenda yeye mwenyewe akaitawala kesho.

MIAKA YAKE BOMBAY

Huko Bombay alikaa miaka miwili hivi. Ni mji uliokuwa chini ya Waingereza, lakini ulikuwa na wafanya biashara wengi Waislamu, Mabaniani na Maparsi, na bandari yake ilijaa meli za moshi. Mwaka wa 1860, na yeye yuko huko, mji ule ulianza kupata maji kwa mabomba kutoka ziwa la Vihar lililo mbali na mji. Aliona kwamba mtu maskini aweza kufikishiwa maji safi na serikali, na kwamba mji mkubwa hauendeshwi kwa upanga peke yake. Kisha akasamehewa, akarudi Unguja, akakaa kimya mpaka wakati wake ulipowadia.

KUTAWAZWA KWAKE

Seyyid Majid alifariki tarehe 7 Oktoba 1870, sawa na mwaka wa 1287 wa Hijra, na Seyyid Barghash akatawazwa mahali pake. Alipokea nchi iliyo katika msiba, kwani kipindupindu cha mwaka wa 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu katika Unguja na pwani. Haujapita muda mrefu, tarehe 15 Aprili 1872, tufani kubwa ikaipiga Unguja, ikang'oa mikarafuu, ikabomoa majumba, na kuzizamisha meli za Sultani bandarini. Mali ya nyumba ya utawala na mali ya raia ikapotea kwa siku moja.

Katika mambo aliyoyafanya baada ya misiba hii, lipo moja ambalo watu wa Unguja hawajalisahau. Alijenga mfereji wa kuleta maji kutoka chemchemi zilizo kaskazini ya mji, mpaka mjini, watu wayachote bila ya malipo. Kabla ya hapo watu walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na makaburi na vyoo, na maradhi yakitoka huko. Haya ndiyo malipo ya deni kwa njia iliyo wazi. Raia alitoa ushuru, naye akaona ushuru wake ukirudi ndani ya mtungi wake.

Fauka ya haya, alinunua meli za moshi zilizokwenda mpaka Bombay na Bukini kubeba bidhaa na abiria. Akaweka mtambo wa kupiga chapa karibu na mwaka wa 1880, nao ulichapa vitabu vya dini na sharia, na kikubwa katika hivyo ni kile kiitwacho Qamus al-Sharia. Sisi tusomao vijitabu vilivyopigwa chapa kwa mkono twaijua taabu ya kazi hii, na twajua thamani ya mtawala aliyefanya elimu ipatikane kwa wengi. Mahakama zilikuwa na makadhi wa Kiibadhi na makadhi wa Kisuni, kila mtu ahukumiwe kwa madhehebu yake. Na Sultani mwenyewe alikaa barazani, akisikiliza mashitaka ya wakubwa na wadogo.

Beit al-Ajaib lilimalizika mwaka wa 1883. Lilikuwa jumba la fahari, na kuta zake zilisimama zaidi ya miaka 130, hata tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaanguka. Majumba huanguka, lakini jina la aliyewapa watu maji halijaanguka katika ndimi za watu.

RAIA AMBAO HAWAKUHISABIWA

Basi tumekwisha taja mema yake. Uadilifu wataka tutaje na upungufu, kwani mwenye kuandika maisha ya mtu kisha akaficha nusu huwa ameandika sifa wala hakuandika maisha.

Kulikuwa na watu chini ya utawala wake ambao hawakuwa na haki ya baraza wala ya mtungi. Hao ni watu waliotekwa bara, wakaletwa Kilwa na bandari nyingine, wakauzwa. Mwaka wa 1873 Waingereza walimleta Sir Bartle Frere kumtaka Sultani azuie biashara hiyo, naye akakataa. Kisha akatishwa kwamba manowari zitauzingira mji wake, na tarehe 5 Juni 1873 akatia mkono mkataba wa kupiga marufuku kupeleka watumwa kwa bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Lakini mkataba ulizungumza bahari, na wafanya biashara wakageukia nchi kavu. Misafara ikaondoka Kilwa kwenda kaskazini kwa miguu, ikavuka mto huu wetu wa Rufiji, ikapita nyuma ya mikoko hii, ikaelekea Pangani na kwingineko. Mwisho wa mwaka wa 1873 Mwingereza aitwaye Frederic Elton aliifuata njia hiyo baina ya Dar es Salaam na Kilwa, akakutana na misafara mmoja baada ya mmoja. Seyyid Barghash alitoa amri ya kuikataza misafara ya nchi kavu mwaka wa 1876. Miaka mitatu ilikwisha pita.

Waliofungwa minyororo walikuwa viumbe vya Mwenyezi Mungu, na ardhi waliyokuwa wakiikanyaga ilikuwa chini ya bendera ya Sultani. Mtawala alipopata ushuru kwa kichwa cha mtu na asimpe mtu huyo ulinzi wowote, amana ilikuwa imevunjwa pale pale. Tena ubaya wake ulizidi kwa kuwa haki ile ililetwa na mizinga ya wageni ilhali ilistahili kuletwa na uadilifu wa mwenyewe. Haki ambayo serikali haikuitoa kwa hiari, mgeni huitoa kwa sharti zake, na sharti hizo huwa na bei.

USHURU ULIOKODISHWA NA NCHI ILIYOSAHAULIWA

Upungufu wa pili wahusu nchi ya mrima. Tangu siku za baba yake, forodha za Unguja na pwani zilikodishwa. Mfanya biashara mkubwa hutoa kiasi cha fedha kwa Sultani kila mwaka, kisha yeye na wakala wake hukusanya ushuru bandarini. Kwa muda mrefu kazi hii ilishikwa na nyumba ya Jairam Sewji, kisha ikashikwa na Taria Topan. Kwa njia hii Sultani alipata fedha kwa wepesi, lakini mtu wa pwani aliyeshusha mpunga au boriti zake hakumwona Sultani wala mtumishi wake, alimwona wakala. Ushuru uliondoka kijijini, na kilichorudi kijijini kilikuwa kidogo. Mfereji wa maji ulikwenda mjini Unguja, haukuvuka bahari.

Seyyid Majid alikuwa ameanza kujenga mji wa Dar es Salaam ili utawala uwe na makao katika mrima. Barghash aliuacha. Miaka ya 1877 na 1878 alifanya mazungumzo na Mwingereza tajiri aitwaye William Mackinnon, ya kumkodisha utawala wa mrima na ushuru wake kwa miaka mingi. Shauri halikutimia, walakini lilionyesha jinsi nchi hii ilivyotazamwa: kana kwamba ni shamba lenye mwenyewe aliye mbali, laweza kukodishwa kwa mtu mwingine pamoja na wakaao ndani yake.

Na raia nao hawakuwa bila ya lawama. Mjini Mombasa, Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la Al-Akida, aliyepewa kuilinda ngome kwa niaba ya Sultani, aliikamata ngome ile kwa nafsi yake akapigana na watu wa mji. Januari 1875 manowari za Kiingereza zikaipiga ngome kwa mizinga hata akajisalimisha. Yeye alipewa amana na serikali akaigeuza mali yake. Na mara nyingine tena mgeni akaja kuamua.

NASAHA ILIYOTIWA GEREZANI

Jambo la tatu ni nasaha. Raia akimwona mtawala wake akikosea humpasa amkumbushe kwa adabu, na mtawala humpasa asikilize. Katika mwaka wa 1887 Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, alitiwa gerezani kwa amri ya Seyyid Barghash, kwa sababu mafunzo yake na mijadala yake ya dini iliwavuta watu, na Sultani hakupendezwa. Hakutoka ila baada ya Sultani kufa.

Fikiri, ndugu yangu, ni mwaka gani huo. Ni mwaka ambao Wajerumani wamekwisha kumnyang'anya bara, na Waingereza wamekwisha kuchukua pwani ya Mombasa kwa kukodi. Kwa wenye mizinga Sultani alikuwa hana la kufanya, na kwa sheikh mwenye kitabu alikuwa na gereza. Utawala unapodhoofika mbele ya wageni, mara nyingi hutafuta nguvu zake mbele ya wenyeji. Hili ni kosa, kwa kuwa wenyeji ndio nguvu ya pekee iliyobaki.

KUJA KWA WAJERUMANI

Mwishoni mwa mwaka wa 1884 Mjerumani aitwaye Carl Peters alipita pwani kwa siri na wenzake, wakaingia Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, na kwa majuma machache wakakusanya hati zilizotiwa alama na wakubwa wa vijiji. Hati zilikuwa kwa Kijerumani. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatoa waraka wa kuziweka nchi hizo chini ya himaya yake.

Seyyid Barghash alituma malalamiko. Alidhani kwamba Waingereza, ambao aliwafuata katika mkataba wa watumwa, na ambao aliwatembelea London mwaka wa 1875 na kupokewa na Malkia Victoria, watasimama naye. Hawakusimama. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani ziliingia bandari ya Unguja zikaelekeza mizinga kwenye jumba lake, na balozi wa Kiingereza, Sir John Kirk, aliyekuwa mshauri wake wa miaka mingi, alikuwa ameamrishwa na serikali yake kumtaka Sultani akubali. Akakubali.

Kisha ikaundwa tume ya kupima mipaka ya utawala wa Sultani, na ndani yake alikuwamo Kitchener kwa upande wa Waingereza. Tume ilipita katika bandari za pwani ikatazama bendera ya Sultani iko wapi, askari wake wako wapi, na liwali wake yuko wapi. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani wakapatana. Sultani akaachiwa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, na ukanda wa pwani wa maili 10 tu kwenda bara, pamoja na bandari kadhaa za Wasomali. Sultani hakuwamo katika mapatano yale, aliletewa akayaridhia.

Basi kwa mstari ule mtu wa Nyamisati alikuwa raia wa Sultani, na mjomba wake wa Utete alikuwa nje ya utawala wake. Mto ni mmoja, lugha ni moja, msikiti ni wa dini moja, na kalamu ikapita katikati yao. Hakuna hata mmoja katika hao aliyeulizwa anamtaka nani, wala nani amemtendea nini.

KUFA KWAKE

Seyyid Barghash alikuwa mgonjwa katika miaka yake ya mwisho. Akasafiri kwenda Oman kutafuta afya, na aliporudi hakukaa ila muda mdogo. Alifariki Unguja tarehe 27 Machi 1888, sawa na mwaka wa 1305 wa Hijra, akiwa na umri wa miaka 50 na kitu. Alipokea nchi kubwa na akaacha ndogo. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe makosa yake, na amlipe kwa kila tone la maji alilompa mwenye kiu.

YALIYOTOKEA BAADA YAKE

Aliyemrithi ni ndugu yake Seyyid Khalifa. Mwezi mmoja tu baada ya maziko, tarehe 28 Aprili 1888, alitia mkono mkataba wa kuikodisha pwani ya mrima kwa kampuni ya Wajerumani, na Agosti watumishi wa kampuni wakashuka katika bandari. Huko Pangani waliitendea bendera ya Sultani kwa dharau, na watu wakakasirika. Vita vikawaka chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani, vikashuka mpaka Kilwa. Abushiri, ambaye alikuwa wa ukoo wa Al-Harthi, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Nyumba ya utawala ilikuwa imekwisha kuiacha pwani, na raia wa pwani walikuwa bado hawajajiacha wenyewe. Watu ambao mfereji haukuwafikia ndio waliotoka na bunduki zao wakati nchi ilipotolewa. Walitekeleza wajibu wao hata baada ya mwenzao kuuacha wa kwake. Lakini kamba ilikuwa imefunguliwa upande wa pili, na ushujaa wao haukuweza kuizuia jahazi isichukuliwe na maji.

Mwaka wa 1890 Waingereza na Wajerumani wakapatana tena. Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Waingereza, na Mafia, ambayo yaelekeana na midomo ya Rufiji, ikatiwa katika fungu la Wajerumani. Pwani nayo ikauzwa moja kwa moja, na Sultani, ambaye wakati huo alikuwa Seyyid Ali bin Said, akalipwa marki milioni 4. Watu wa pwani hawakupata hata pesa moja katika thamani ya nchi yao.

Watawala wapya walikuja na kodi ya nyumba mwaka wa 1898, rupia 3 kwa nyumba, na asiyekuwa nayo akaitolea jasho lake. Baadaye wakalazimisha mashamba ya pamba, na wenyeji wakafanya kazi kwa malipo madogo mno, na mashamba yao ya chakula yakabaki magugu. Walidai wajibu wote wa raia, wala hawakutaka kudaiwa chochote. Ndipo mwaka wa 1905 vikazuka vita vya Maji Maji katika nchi ya Matumbi, na Kinjikitile wa Ngarambe, katika Rufiji hii hii, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Kwa hisabu ya Wajerumani wenyewe walikufa watu 75,000, na wenye kuchunguza baadaye wamesema ni wengi kupita hao sana.

MAFUNZO

Ewe ndugu yangu, serikali za masultani zimepita, na za Wajerumani na Waingereza zimepita. Tanganyika ilipata uhuru mwaka wa 1961, na tangu mwaka wa 1964 sisi na Unguja na Pemba tu katika nchi moja. Lakini amana haikupita pamoja na waliopita. Yatupasa tuyashike mambo haya.

La kwanza, kodi na huduma ni ndugu. Mwenye kukwepa ushuru gatini, akapitisha boriti zake usiku kwa njia ya mikokoni, asishangae dawa zikikosekana hospitali, kwani fedha ya dawa ameificha yeye. Na mwenye kupokea ushuru kisha kijiji kisione kisima wala darasa, asishangae watu wakijificha.

La pili, ulinzi ni wa kila mtu. Serikali ikiwabagua watu, ikawapa wengine baraza na wengine minyororo, dhuluma ile haikai mahali pamoja. Huzunguka mpaka ikafika kwenye jumba.

La tatu, nasaha isifungwe. Raia aseme kwa adabu na kwa ukweli, na mtawala asikilize kabla mgeni hajasikilizwa badala yake.

La nne, fitna si dawa. Barghash aliinua silaha kwa nafsi yake, na matunda yake akayala yeye mwenyewe na sisi tukayala. Nasi tumeona kwa macho yetu: mwaka wa 2017 katika nchi yetu hii ya Kibiti viongozi wa vijiji na askari waliuawa, watu wakalala kwa hofu, wengine wakahama makwao. Damu ya mtumishi wa serikali ni damu ya Muislamu au ya jirani, na damu ya mwanakijiji asiye na kosa nayo ni damu hiyo hiyo. Asiyeiheshimu moja hana haki ya kuililia ya pili.

La tano, nchi haina mwenyewe aliye mbali. Mkataba wowote uhusuo ardhi, mikoko na mto, wakaao juu yake waulizwe kwanza, na wao nao wajifunze kusoma kabla ya kutia mkono. Hati za Carl Peters zilipita kwa sababu watia alama hawakujua yaliyoandikwa.

Asimamaye gatini Nyamisati, mahali wanapopandia waendao Mafia, huona jinsi chombo kinavyofungwa. Nahodha hutupa kamba, na mtu wa pwani huipokea akaikaza. Nahodha hawezi kujifungia pwani mwenyewe, na mtu wa pwani hawezi kukivuta chombo ambacho hakikumtupia kamba. Basi kila mmoja wetu, awe nahodha au mtu wa pwani, na aitazame ncha iliyo mkononi mwake kabla ya kuilaumu ya mwenziwe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watawala wetu uadilifu, atupe sisi utii katika mema na ulimi wa kweli, na aihifadhi nchi hii na watu wake. Amin.

Wallahu aalam.